Huduma za Kuhifadhi na Kusambaza Podikasti: Mafunzo Kutokana na Ukuaji wa Kampuni ya Anchor

Lengo la somo

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji anatarajiwa kueleza kazi ya kampuni inayohifadhi na kusambaza podikasti, kutambua njia ambazo kampuni inayotoa huduma bila malipo hujipatia mapato, na kuchukua hatua za kulinda vipindi na wasikilizaji wake iwapo kampuni hiyo itauzwa, itabadili masharti au itafunga huduma.

1. Huduma yenyewe ni ipi?

Podikasti ni mfululizo wa vipindi vya sauti ambavyo msikilizaji huvipata kupitia intaneti kwa wakati anaoutaka. Watu wengi hudhani kwamba vipindi hivyo hukaa ndani ya programu wanayoitumia kusikiliza. Kwa kawaida sivyo. Programu kama Apple Podcasts hufanya kazi ya orodha tu. Mafaili ya sauti huwa katika seva za kampuni ya uhifadhi, nayo kampuni hiyo hutengeneza mlisho wa RSS, yaani waraka wa kompyuta unaotaja jina la podikasti, maelezo ya kila kipindi na mahali faili lake lilipo. Programu za kusikilizia husoma mlisho huo mara kwa mara, na zikikuta kipindi kipya humfikishia msikilizaji.

Kwa hiyo mtayarishaji ana mali tatu: mafaili ya sauti, mlisho, na anwani ya mlisho. Hiyo ya tatu ndiyo husahauliwa, ilhali ndiyo inayomuunganisha na wasikilizaji wake. Anwani ikipotea, mtayarishaji aweza kubaki na mafaili yote lakini akalazimika kuwatafuta wasikilizaji wake upya, mmoja mmoja.

Huduma hii ina gharama. Kipindi cha dakika 30 kilichorekodiwa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde kina ukubwa wa takriban MB 29. Wasikilizaji 1,000 wakikipakua, seva itakuwa imetoa takriban GB 29. Lazima awepo anayelipia gharama hiyo, na swali la kwanza la mtumiaji makini ni kumjua mlipaji huyo.

2. Jinsi Anchor ilivyokua

Kampuni za mwanzo katika biashara hii zilitoza ada. Libsyn ya Marekani, iliyoanza mwaka 2004, ilimtoza mtayarishaji ada ya mwezi kulingana na ukubwa wa mafaili anayopakia. Uhusiano huo ulikuwa wazi: anayetumia ndiye anayelipa.

Anchor ilianzishwa jijini New York mwaka 2015 na Michael Mignano na Nir Zicherman. Mwanzoni ilikuwa programu ya simu ya kurekodi na kubadilishana sauti fupi. Mwaka 2018 iliingia kikamilifu katika podikasti, ikatoa uhifadhi usio na kikomo bila malipo, pamoja na vifaa vya kurekodi na kuhariri kwa simu ya mkononi. Vizuizi viwili vikubwa, ada na utaalamu, vikaondolewa kwa pamoja. Mtu asiye na studio wala kadi ya benki aliweza kuanzisha podikasti siku hiyohiyo, na watayarishaji wapya wakajiunga kwa wingi.

Mwishoni mwa mwaka 2018 Anchor ilianzisha mpango wa kuwaunganisha watayarishaji na watangazaji wa biashara, yenyewe ikibakiza asilimia 30 ya mapato. Mpango huo ulianza kwa watumiaji wa Marekani pekee.

Februari 2019 Spotify, kampuni ya muziki yenye asili ya Sweden, ilitangaza kuinunua Anchor pamoja na Gimlet Media, kampuni ya kutayarisha vipindi. Sababu yake ya kibiashara inaeleweka. Sehemu kubwa ya mapato ya Spotify ilikuwa ikienda kwa wenye haki za muziki, ilhali podikasti haikuwa na mzigo huo kwa namna ileile. Mwaka 2020 Spotify ilitangaza pia kuinunua Megaphone, kampuni ya uhifadhi na ya kupachika matangazo ndani ya vipindi, kwa dola za Marekani milioni 235. Mwaka 2021 huduma za Spotify zikafika Kenya, Tanzania na Uganda. Mwaka 2023 jina la Anchor liliunganishwa katika Spotify for Podcasters, na mwaka 2024 jina likawa Spotify for Creators. Katika mwaka huohuo wa 2024, vifaa vya kurekodi na kuhariri vilivyokuwa sifa kuu ya Anchor viliondolewa.

Tuseme mtayarishaji alijiunga mwaka 2018 na hakuhama. Katika miaka sita amehudumiwa chini ya majina matatu na wamiliki wawili, na vifaa vilivyomvutia kujiunga havipo tena. Hata hivyo, uhifadhi uliendelea kutolewa bila malipo, na hakuna kosa katika kuutumia. Somo lake ni kwamba ahadi ya huduma hudumu kadiri inavyomfaa mmiliki aliyepo, na mtumiaji asiyelipa ada ana nguvu ndogo ya kudai ibaki kama ilivyokuwa.

3. Kampuni ya bure hupata nini?

Wahenga walisema rahisi ghali. Katika huduma hizi malipo huchukua sura nyingine: nafasi ya kuweka matangazo, sehemu ya mapato ya mtayarishaji, takwimu za usikilizaji, au wingi wa vipindi unaoipa kampuni thamani machoni pa mnunuzi. Malipo haya si haramu. Inapasa tu yajulikane kabla ya kukubali masharti.

Jambo jingine ni uwakilishi. Kwa kipindi fulani Anchor iliwasilisha podikasti za watumiaji wake katika orodha ya Apple kwa niaba yao. Hatua hiyo iliwapunguzia kazi, lakini podikasti inaposajiliwa kwa akaunti ya kampuni, mtayarishaji hawezi kusahihisha usajili wala kuona takwimu za orodha hiyo mpaka aihamishie kwenye akaunti yake mwenyewe. Kila urahisi wa namna hii uulizwe: je, jina lililoandikishwa ni la nani?

4. Maswali ya kuuliza kabla ya kujiunga

(a) Je, naweza kupakua mafaili yangu yote wakati wowote?
(b) Nikihama, je, kampuni itaelekeza anwani ya zamani kwenda kwenye anwani mpya? Kwa muda gani, na kwa malipo gani?
(c) Nikichelewa kulipa ada, vipindi vyangu vitaondolewa baada ya siku ngapi? Swali hili lina uzito kwa anayelipa kwa dola, kwani kadi ikifikia ukomo wake au thamani ya shilingi ikishuka, malipo yaweza kukwama bila yeye kujua.
(d) Naipa kampuni ruhusa gani juu ya sauti yangu, na je, ruhusa hiyo hukoma nikifunga akaunti?
(e) Je, matangazo yaweza kuwekwa ndani ya vipindi vyangu bila idhini yangu?
(f) Ukitokea mgogoro, sheria ya nchi gani itatumika, na malalamiko hupokelewa wapi?

Masharti yasiyojibu swali la (a) na la (b) yatazamwe kwa tahadhari kubwa, hata kama huduma ni ya bure.

5. Utaratibu wa kuhama

Kwanza, pakua mafaili yote na takwimu zako, uyahifadhi mahali pawili tofauti.

Pili, fungua akaunti katika kampuni mpya, ingiza mlisho wa zamani, kisha ulinganishe idadi ya vipindi, majina na tarehe. Hakikisha vitambulisho vya vipindi havijabadilika, kwa kuwa vikibadilika programu huweza kuvihesabu vipindi vya zamani kuwa vipya.

Tatu, weka katika kampuni ya zamani uelekezaji wa kudumu, unaojulikana kwa msimbo 301, kuelekea anwani mpya.

Nne, acha uelekezaji huo ufanye kazi kwa muda usiopungua wiki nne, kama Apple inavyoshauri. Usifute akaunti ya zamani mapema: ikifutwa kabla programu za kusikilizia hazijapata anwani mpya, wasikilizaji huachwa nyuma bila taarifa.

Tano, sahihisha anwani katika kila orodha ulikojisajili.

Aidha, kampuni nyingi huthibitisha umiliki kwa kutuma namba ya siri kwenye barua pepe iliyo katika mlisho. Taasisi, vikundi na vyama vya ushirika vitumie anwani ya barua pepe ya chama, si ya mfanyakazi mmoja ambaye kesho aweza kuondoka nayo.

6. Hitimisho

Mwaka 2024 Google ilifunga programu yake ya Google Podcasts. Vipindi havikupotea, kwa sababu mafaili na milisho havikuwa mali ya programu hiyo, na wasikilizaji waliweza kuhamisha orodha zao kwenda programu nyingine. Huo ndio ulinzi unaotokana na mlisho ulio wazi. Mtayarishaji anayemiliki mafaili yake, anwani ya mlisho wake na akaunti zake za usajili aweza kutumia kampuni yoyote, ya ada au ya bure, bila hofu ya siku itakapobadilika.

Maswali ya kujipima

1. Taja mali tatu za mtayarishaji wa podikasti, na ueleze ni ipi iliyo ngumu zaidi kuirejesha ikipotea.
2. Kampuni inatoa uhifadhi bila malipo. Taja njia mbili ambazo kwazo yaweza kupata mapato.
3. Soma masharti ya kampuni unayoitumia sasa. Je, yanajibu maswali (a) hadi (f)? Andika yasiyojibiwa, uiulize kampuni kwa maandishi, na uhifadhi majibu yake pamoja na risiti zako.