Somo: Chama cha Msingi na Kumbukumbu za Polisi

Kata ya Nkololo, wilayani Bariadi, ni nchi ya pamba na ng'ombe. Msimu wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, maghala ya vyama vya msingi hujaa mali ya watu wengi, na usiku mali hiyo hubaki chini ya mlinzi mmoja na tochi yake. Wizi ukitokea, wanakijiji hawaanzii polisi. Hupigwa yowe, au mwano kama wasemavyo Wasukuma, na sungusungu hufuata nyayo. Desturi hiyo imeokoa mali nyingi. Hata hivyo chama cha ushirika kina wajibu ambao mwenye ng'ombe hana: kila kilichopotea sharti kitolewe maelezo kwa maandishi.

Na uchukuliwe mfano wa chama kilichoibiwa mzani na magunia matatu ya pamba. Alfajiri sungusungu walimkamata kijana mmoja, wakampiga, akakiri. Mzani ulirudi, magunia hayakuonekana. Wazee wakaamua kuwa shauri limekwisha, na katibu akarudi kupima pamba. Baada ya miezi kadhaa alifika mkaguzi wa COASCO, akauliza pamba ilikwenda wapi na taarifa ya polisi iko wapi. Haikuwapo. Wakati huo kijana alikwisha kufika kituoni, akapewa fomu ya PF3 ili atibiwe, na jalada lililofunguliwa likawa la shambulio dhidi ya walinzi. Kwa vitabu vya dola, chama hakikuibiwa kitu. Waliokosa ni sungusungu. Na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inampa Mrajis uwezo wa kumtoza fidia kiongozi au mtumishi aliyekisababishia chama hasara kwa uzembe. Katibu wa mfano huu hakuiba hata kilo moja, lakini hana karatasi ya kumtetea.

Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo na ujambazi wa silaha ulipozidi baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa miaka kadhaa walifanya kazi pasipo sheria ya kuwakinga, na baadhi yao walishtakiwa. Sheria ya mwaka 1989, iliyorekebisha sheria za mgambo, ndiyo iliyowatambua na kuwapa uwezo wa kukamata. Uwezo huo si uwezo wa kuhukumu. Aliyekamatwa hupelekwa polisi bila kukawia, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kumdhalilisha, awe mwizi au asiwe. Tena ungamo la kipigo huiharibu kesi ya chama chenyewe: wakili wa mshtakiwa ataanzia hapohapo, na magunia yatasahauliwa.

Kwa hiyo, siku ileile ya wizi, katibu aende kituoni. Maelezo yake yataandikwa katika kitabu cha taarifa, naye atapewa namba, ile inayojulikana na wote kama RB. Namba hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitakachofuata. Asipoiandika katika daftari la chama, pamoja na tarehe na jina la askari aliyeipokea taarifa, atarudi kituoni baada ya msimu na kuambiwa atafute mwenyewe kati ya maelfu. Kuripoti hakulipiwi. Dhamana ya polisi nayo hailipiwi, na hili wajue hasa wanachama ambao ndugu zao hushikwa katika misako: mtu aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na isipowezekana apewe dhamana, isipokuwa kosa likiwa kubwa.

Baadaye chama kitahitaji uthibitisho, ama kwa mkaguzi, ama kwa bima, ama kwa mkutano mkuu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuiomba ofisi ya umma taarifa iliyo mikononi mwake, na ofisi inatakiwa kujibu haraka iwezekanavyo, isizidi siku 30. Kwa kuwa haki hiyo ni ya raia, ni vyema katibu aandike kwa jina lake mwenyewe, kisha ataje cheo chake. Barua iende kwa Mkuu wa Kituo, nakala kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, na itaje namba ya RB, tarehe, kilichoibwa na kinachoombwa. Kinachoombwa kiwe kidogo na wazi: uthibitisho kwamba taarifa ilipokelewa, na hatua iliyofikiwa. Anayedai jalada zima hujinyima majibu, maana sheria hiyohiyo inaruhusu kuzuia taarifa ambayo ingeharibu upelelezi au kuhatarisha maisha ya mtu, na majina ya mashahidi yamo humo. Nakala ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri, siku 30 hazina mwanzo. Akikataliwa, ana siku 30 za kuomba mkuu wa taasisi aupitie uamuzi huo.

Liko pia jambo la mikusanyiko, kwani malipo ya pamba yakichelewa wakulima hutaka kukutana uwanjani. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu mjini Dodoma mwaka 1994, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, msingi ni taarifa, si kibali. Polisi wa eneo wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla, yenye mahali, saa na madhumuni. Wakiuzuia mkutano kwa sababu ya amani, viongozi wasishindane nao uwanjani. Waombe sababu kwa maandishi.

Maswali ya kikundi: Je, daftari la chama lina RB ya kila upotevu wa misimu mitatu iliyopita? Nani hupeleka taarifa kituoni endapo katibu amesafiri? Na je, kamanda wa sungusungu wa kijiji amekwisha kuulizwa humpeleka wapi anayemkamata, na baada ya saa ngapi?