Kabla Kikundi Hakijanunua Sufuria Kubwa ya Stenlesi



Tukitembelea vikundi tunakuta jambo moja karibu kila mahali. Pesa za kwanza za kukodisha zinanunua viti, na za pili zinanunua sufuria kubwa. Ni mpango mzuri, maana harusi haziishi, matanga hayaishi, na shule nazo zina siku ya wazazi. Lakini tumeona pia sufuria ikikaribia kuvunja kikundi, na sisi wenyewe tulikuwepo.

Kikundi kimoja cha akina mama kilituomba twende nacho mjini kununua. Tukaona sufuria ya stenlesi inang'aa kama kioo, na bei yake iko chini kuliko zingine. Hakuna aliyeigeuza kutazama kitako, hata sisi. Wiki hiyo hiyo ikakodishwa matangani. Maharagwe yakashika chini, na harufu ya kuungua ikaingia chakula chote. Wenye matanga wakakataa kulipa. Mama aliyepika alilaumiwa kwamba alisinzia, na ilichukua miezi kumrudisha kwenye mikutano. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa la kitako chembamba, na letu sisi tuliosimama pale dukani tukinyamaza.

Tueleze sababu. Stenlesi ni chuma kilichochanganywa na kromiamu, angalau asilimia 10.5, na ndiyo maana hakishiki kutu upesi. Ni kigumu, hakibonyei ovyo. Udhaifu wake ni kwamba hakisambazi moto vizuri. Aluminiamu, ile ya sufuria tulizozoea, hupitisha moto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi. Kwa hiyo stenlesi nyembamba ikiwekwa juu ya mawe matatu, pale ndimi za moto zinapogusa panaungua, na kando yake pamepoa.

Basi ukiwa dukani, geuza sufuria kwanza. Bonyeza katikati ya kitako kwa vidole gumba viwili. Kikibonyea na kurudi kama kifuniko cha mkebe, iache. Gonga kwa kifundo cha kidole: kitako chembamba hulia kama kengele, kizito hutoa sauti ya chini. Zingine zina bamba la aluminiamu lililobandikwa chini na kufunikwa, na ukitazama kwa upande utaona ukingo wake. Hizo ni nzuri kwa maharagwe na pilau, lakini zikiachwa motoni hadi maji yakauke, bamba linaweza kubanduka.

Halafu mikono yake. Shika mmoja, tikisa kwa nguvu, tazama na ndani. Iliyokazwa kwa ribiti nene tunaiamini kuliko iliyochomelewa kwa vitone viwili. Na kiganja kilichofungwa kitambaa kiingie bila kugusa sufuria.

Muuzaji akisema lita hamsini, pima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani. Zidisha upana kwa upana, kisha kwa kimo, kisha kwa 0.785, na ugawanye kwa 1,000. Yenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 40 inatoka lita 50. Usiijaze yote. Ukitia lita 40 za chai utapata vikombe 160 vya robo lita, na maji hayo peke yake ni kilo 40, mzigo wa watu wawili. Vikundi vingine vinatamani moja ya lita 100. Sisi tunaona mbili za 50 ni afadhali: zinakodishwa mahali pawili siku moja, na hakuna anayeungua miguu akijaribu kuepua.

Wauzaji wengine hutoa sumaku mfukoni. Ikikataa kushika wanasema, "Hii ni stenlesi halisi." Haitoshi. Ile yenye alama ya 18/8, yaani kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, kwa kawaida haishikwi na sumaku. Lakini iko aina ya bei nafuu ambayo nikeli nyingi imeondolewa ikatiwa manganizi, nayo pia haishikwi, na hupata madoa ya kutu upesi zaidi. Aina hiyo si ya kutupwa. Kwa githeri na chai inafaa, mradi ioshwe, ikaushwe, na mchuzi wa chumvi usilale ndani.

Je, kama pesa hazifiki? Hapa tunasema wazi: sufuria nzito ya aluminiamu ya kiwandani inashinda stenlesi nyembamba. Ila vyakula vya nyanya na ndimu visikae humo muda mrefu, kwa sababu vinaila. Na ile iliyoyeyushwa kwa vyuma chakavu visivyojulikana inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru akili za watoto. Muulize fundi ameyeyusha nini.

Ikishafika nyumbani, chumvi itiwe maji yakishachemka, kwani ikikaa chini kwenye maji baridi inatoboa vidoadoa. Dawa ya kung'arisha nguo isiguse stenlesi. Tumia nyuzi za katani badala ya steliwaya.

Mwisho ni daftari. Kabla sufuria haijatoka, mkodishaji na mweka hazina waitazame pamoja, kitako na mikono, waandike hali yake na waweke sahihi. Ikirudi, watazame tena. Mkubaliane mapema, kikundi kizima, nani atalipa chakula kikiungua. Msingoje siku ya matanga. Wale akina mama sasa wanayo sufuria nyingine yenye kitako kizito, na mpishi ni yule yule. Ile ya kwanza inachemsha chai tu, na imeandikwa hivyo daftarini.