Mkataba wa Miezi Mitatu na Usingizi Uliopotea

Barua ya wiki hii imetoka Kisumu. Aliyeiandika ni mama wa watoto wawili, mshauri nasaha katika mradi wa Ukimwi uliokuwa ukiendeshwa kwa fedha za Marekani. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na haukupita muda mama huyu akaachishwa kazi pamoja na wenzake. Baadaye aliitwa tena, safari hii kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu.

"Mkataba ukikaribia kuisha naamka saa tisa usiku kuangalia simu kama ofisi imeandika," anasema. "Nisipoona kitu naanza hesabu: kodi, ada, mkopo wa SACCO. Pasta ananiambia nimwachie Mungu. Mume wangu anasema nawaza sana. Shangazi, hofu hii nitaiachaje?"

Shangazi anataka kwanza mama huyu apewe haki yake. Hofu yake ina mzizi. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikoma kuendesha miradi yake tarehe 1 Julai 2025, na waliopoteza kazi si wa kusimuliwa, ni majirani. Kumwambia mtu wa namna hiyo "usijali" ni kumfunga mdomo.

Hata hivyo, kuna jambo la kumtuliza. Watafiti Lucas LaFreniere na Michelle Newman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania waliwaomba watu wenye ugonjwa wa wasiwasi waandike kila walichokihofia, kisha wafuatilie kama kilitokea. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020, zaidi ya asilimia 90 ya hofu hizo hazikutimia. Mama wa Kisumu anaweza kujibu kwamba yake ilishatimia mara moja, na atakuwa amesema kweli. Lakini aangalie pia yale mengine anayoyaona saa tisa usiku: watoto kufukuzwa shule, vyombo kutupwa nje, ndoa kuvunjika. Hayo hayakutokea hata katika miezi ile aliyokaa bila mshahara.

Mwaka 1983, Thomas Borkovec na wenzake, katika chuo hichohicho, walijaribu dawa isiyogharimu kitu. Mtu hakatazwi kuhofia. Anapewa nusu saa kila siku, wakati uleule, mahali palepale, ahofie anavyotaka. Wazo likija nje ya saa hiyo linaahirishwa. Waliofuata utaratibu huo walipunguza muda waliopoteza kwa wasiwasi. Shangazi anapendekeza saa kumi na moja jioni, mezani, daftari likiwa wazi. Isiwe kitandani. Na simu ilale sebuleni, maana hakuna afisa wa ajira anayetuma mkataba usiku wa manane.

Daftarini aanze na mkopo, kwa sababu ndio unaomkaba. Anaeleza kwamba wadhamini wake watatu ni wafanyakazi wenzake katika mradi huohuo. Akishindwa kulipa, akiba zao ndizo zitakazokatwa, nao wenyewe hawajui la kesho. Jambo hilo lina mlango wa kubisha. Aende SACCO angali anapokea mshahara, aombe muda wa kulipa uongezwe na makato ya mwezi yapunguzwe. Aliyekwenda kabla ya kukosa malipo husikilizwa tofauti na aliyetafutwa.

Pia aitazame sheria. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kutoa notisi ya mwezi mmoja au zaidi na kulipa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mkataba unaofika mwisho wake wenyewe kwa kawaida hauna malipo hayo. Ila barua haielezi kama alilipwa chochote kwa miaka aliyofanya kazi kabla ya Januari 2025. Kama hakulipwa, amwone afisa wa leba wa kaunti mapema.

Akimaliza hayo, kitakachobaki daftarini ni uamuzi wa watu walioko Washington. Huo hawezi kuubadili. Hapo ndipo neno la pasta linapokaa mahali pake: amwachie Mungu hilo, na SACCO aende mwenyewe.

Asiyabebe peke yake. Huko Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na ajuza 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mgeni wake kuchagua tatizo moja na hatua moja ya kuanzia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, baada ya miezi sita, waliopitia benchi hilo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma za kawaida. Mama huyu, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza wengine, anahitaji naye wa kumsikiliza. Na kama moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chakula vinaendelea wiki baada ya wiki, afike hospitali ya kaunti aonwe na mtaalamu wa afya ya akili.

Mwisho wa barua, baada ya sahihi, kuna mstari mmoja: mume hajui kiasi kamili cha deni. Kwa maoni ya Shangazi, nusu ya usingizi imepotelea hapo. Mama, mwambie mumeo kiasi chote, pamoja na majina ya wadhamini, kisha mwende SACCO pamoja kabla mkataba huu haujaisha.