Huwezi Kulinda Usichokiandika: Leja Mbili za Usalama wa Wingu

Wanachuo wenzangu, mwalimu akikabidhiwa stoo ya shule, kitu cha kwanza anaulizia leja. Vitabu vingapi, madawati mangapi, nani kachukua nini. Bila leja hata wizi hauonekani, maana kilichopotea hakikuwahi kuandikwa. Mifumo iliyoko kwenye wingu, yaani seva za kukodi tunazozifikia kwa intaneti, nayo inahitaji leja. Tena mbili.

Ya kwanza ni orodha ya vilivyopo: seva, kanzidata, hifadhi za mafaili, akaunti, programu na matoleo yake, na jina la mwenye dhamana ya kila kimoja. Ya pili ni mpangilio wa msingi, yaani hali iliyokubaliwa ambayo kila mfumo unatakiwa kuwa nayo: nani aingie, nini kiwe wazi kwa umma, nini kifungwe. Mwongozo wa Marekani uitwao NIST SP 800-53 umezitenganisha kabisa: kipengele CM-8 ni cha orodha, CM-2 ni cha mpangilio wa msingi.

Mbona zote mbili? Tuangalie mifano.

Machi 2017 ilitangazwa dosari kwenye programu ya Apache Struts, pamoja na marekebisho yake. Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza historia za mikopo ya watu, iliwaagiza mafundi wake warekebishe. Lakini haikuwa na orodha kamili ya mahali programu hiyo ilipokuwa ikitumika, na mfumo mmoja ukaachwa. Wadukuzi wakaingia Mei, wakagundulika mwishoni mwa Julai. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Hapo ilikosekana leja ya kwanza.

Mwaka 2019 ikawa zamu ya benki ya Capital One, iliyokuwa imehifadhi data kwenye wingu la Amazon. Huko tatizo lilikuwa mpangilio: ukuta wa kuzuia wavamizi uliwekwa vibaya, ukampa mdukuzi njia ya kufika kwenye mafaili. Waliathirika watu wapatao milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada, na mwaka 2020 benki ikatozwa faini ya dola milioni 80. Somo ni hili: mwenye wingu analinda majengo na mitambo yake, mipangilio unayoweka ni mzigo wako.

Sasa, dawati linakaa stoo miaka kumi. Seva ya wingu inaweza kuwashwa asubuhi na kufutwa kabla ya chai ya saa nne. Leja ya Excel inayojazwa kila mwisho wa mwezi inakuwa ya uongo kesho yake. Kwa hiyo:

1. Orodha ijazwe na mfumo wenyewe, kwa zana kama AWS Config, si kwa kumbukumbu ya fundi.

2. Mpangilio wa msingi uandikwe kama msimbo, mfano kwa Terraform, na kila badiliko lipitiwe na mtu wa pili.

3. Leja ilinganishwe na hali halisi mara kwa mara. Ikionekana tofauti, irekebishwe, au ikubaliwe na sababu iandikwe.

Hatua ya tatu ndiyo wengi wanairuka. Unakuta nyaraka nzuri za kumwonyesha mkaguzi, lakini mkaguzi makini anachagua seva moja tu na kuuliza: hii ipo kwenye leja? Inafanana na mlichoandika? Basi, hapo ukweli unajulikana.

Tusidhani haya ni ya makampuni makubwa tu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Klabu zetu zinakusanya namba za simu, namba za usajili, hata picha za vitambulisho, kisha zinawekwa kwenye mafaili ya mtandaoni.

Zoezi la wiki hii: chukua klabu yako moja. Andika mafaili yote ya mtandaoni iliyonayo, nani anaweza kuyafungua, na nani alitakiwa aweze. Halafu linganisha. Kiongozi aliyehitimu mwaka juzi, bado ana nenosiri?