Kijana Aulizwapo Hali Yake

Tangu utoto twafundishwa kwamba mtu akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata akiwa na homa. Ni adabu njema, wala hatutaki iachwe. Lakini yatuzoeza kuuliza pasipo kungoja jibu.

Katika nchi za Ulaya na Kanada kuna wataalamu ambao, wakishirikiana na Shirika la Afya Duniani, huwauliza wanafunzi wa miaka 11, 13 na 15 swali lisilo la salamu: Afya yako waionaje? Ni bora kabisa, nzuri, ya wastani au mbaya? Mtoto haulizwi mshahara wa baba yake, maana wengi hawaujui. Huulizwa kama nyumbani kuna motokaa, kama anacho chumba chake mwenyewe cha kulala, kama jamaa yake husafiri wakati wa likizo. (Kwa kipimo hicho wengi wetu tungeandikwa mafukara, huku ingefaa kuuliza habari za bati na baiskeli.)

Watoto wa nyumba zenye mali chache ndio wasemao zaidi kwamba afya yao si nzuri. Hilo halishangazi. La kushangaza lilichapishwa mwaka 2015 katika jarida la madaktari, The Lancet, kutokana na majibu ya vijana wapatao laki tano wa nchi 34, yaliyokusanywa kati ya 2002 na 2010. Palipokuwa na tofauti kubwa ya mapato, vijana walilalamika zaidi juu ya maumivu ya mwili na mashaka ya moyo, na pengo kati ya mtoto wa tajiri na wa maskini lilizidi kupanuka. Ilikuwa hivyo hata baada ya kuhesabu utajiri wa nchi yenyewe. Basi shibe peke yake haitoshi. Kijana hupima pia mahali pake kati ya wenzake.

Je, neno lake lina uzito? Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walikusanya tafiti 27 juu ya watu wazima. Karibu katika zote, waliojiona wana afya mbaya walikufa mapema kuliko wenzao, hata magonjwa yaliyojulikana yalipokwisha kuhesabiwa.

Mtoto alalamikaye tumbo kila asubuhi ya shule, na zahanati isione kitu, huitwa mvivu. Sisi twaomba aulizwe mara ya pili, faraghani, na aulizwe pia habari za viatu vyake na za karo isiyolipwa.