Fidla Iliyosema Bila Maneno

Leo nawaletea habari za Wage Rudolf Supratman wa Indonesia, aliyezaliwa mwaka wa 1903. Akiwa kijana alikaa na dada yake mjini Makassar. Mume wa dada, mwanajeshi katika jeshi la Waholanzi, akamfundisha fidla, wakaunda bendi ya jazi. Baadaye Supratman akawa mwandishi wa magazeti.

Wakati huo Waholanzi ndio waliotawala. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana walikutana Batavia, siku hizi Jakarta. Supratman alikuwa ametunga wimbo, "Indonesia Raya". Lakini polisi wa mkoloni walikuwa papo hapo! Sasa afanyeje? Mwenyekiti akamshauri asiuimbe. Basi akapiga fidla tupu, maneno akayaacha moyoni. Watu wakashangilia.

Alifariki tarehe 17 Agosti 1938. Uhuru ulitangazwa tarehe iyo hiyo, mwaka wa 1945, naye hakuuona. Wimbo wake ndio wimbo wa taifa.

Ndugu msomaji, ujuzi aliofunzwa na askari wa mkoloni ndio uliomsaidia kudai uhuru. Kwa hivyo tusidharau masomo, hata mwalimu awe nani. Ukizibwa mdomo, mkono wako waweza kusema.