SOMO LA 5: KUPIMA SUKARI YA DAMU NYUMBANI

Ndugu mwenye ugonjwa wa sukari, munganga amekupa mashine ndogo ya kupima damu yako. Mashine haina akili. Inasoma tu tone unaloipa. Ukipima vibaya utapata hesabu ya uongo, na hesabu ya uongo inaweza kuua.

Fikiri mfano huu. Mama mmoja amemenya embe lililoiva, hakunawa. Anachoma kidole, na mashine inaonyesha 320. Kumbe, sukari ile ni ya embe iliyobaki kidoleni. Akiogopa na kuongeza insulini, sukari ya damu yake itashuka sana, naye atazimia.

Basi, fanya hivi:

1. Nawa mikono kwa maji na sabuni, kisha ukaushe vizuri. Maji huharibu tone la damu.
2. Tazama tarehe ya mwisho kwenye mkebe wa vipande vya kupimia. Ufunge mkebe mara moja. Usiuweke karibu na moto, wala juani, wala penye unyevu.
3. Choma ubavuni mwa ncha ya kidole. Hapo maumivu ni kidogo. Usikamue kidole kwa nguvu.
4. Sindano yako ni yako peke yako. Usimpe hata mtoto wako, kwa maana magonjwa ya damu hupita humo.
5. Andika katika kaye siku, saa, hesabu, na kama umekula.

Kwa watu wazima wengi, hesabu njema kabla ya kula ni 80 mpaka 130. Saa mbili baada ya kula, chini ya 180. Munganga akikupa hesabu nyingine, fuata hiyo.

Ikiwa chini ya 70, kunywa upesi maji yenye vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Aliyezimia asipewe kitu kinywani, apelekwe hospitali. Ikipita 250 mara kwa mara, na zaidi ukiwa unatapika, njoo siku ile ile.

Wengine huandika hesabu za uongo ili munganga asiwakaripie. Ndugu, usifanye hivyo. Munganga hupanga dawa kwa kufuata kaye yako. Hesabu mbaya iliyo ya kweli itakuponya kuliko nzuri ya uongo.

MAULIZO
1. Kwa nini tunanawa kabla ya kupima?
2. Utafanya nini ukiona 60?